Mwavuli au fundi? Ualbino na XP kwa mzazi na mwalimu wa Tanga

Mtaani kwetu Ngamiani wapo watoto wawili ambao jua la saa sita haliwafai. Wa kwanza ni mvulana mwenye ualbino. Alizaliwa na nywele za rangi ya mkonge ulioanikwa, na mkunga hakuhitaji kumweleza mama yake mara mbili. Wa pili ni binti mweusi, nywele nyeusi tititi, ukoo wake una damu ya Ngazija. Yeye alizaliwa bila doa hata moja. Kabla hajatimiza miaka miwili uso wake ukaanza kujaa vidoa, vingine vyeusi mfano wa punje za pilipili manga, vingine vyeupe, na migongo ya mikono vivyo hivyo, ilhali tumbo na mapaja yalibaki safi.

Chekechea alikoanza walimwambia mama yake kwamba huyo naye ana ualbino, ila wake unakuja polepole. Wakamshauri anunue krimu ile ile anayopaka mtoto wa jirani, na mengine yaende kama kawaida: paredi, kufagia uwanja, michezo. Alipofika miaka sita, kidonda kando ya pua kikagoma kupona. Daktari wa ngozi ndiye aliyetamka jina jingine kabisa, zeroderma pigmentosamu, ambalo madaktari wenyewe hulifupisha kuwa XP.

Mama yake alinijia jioni moja na mfuko wa krimu mkononi. Mimi nafundisha baiolojia sekondari, si daktari, naye alilijua hilo. "Mwalimu," akaniuliza, "hawa watoto wana ugonjwa mmoja au tofauti? Pesa yangu ni hii hii, nataka kujua niitie wapi." Nilimjibu kwa haraka mno siku ile. Naandika tena hapa kwa utulivu, kwa ajili yake na kwa yeyote mwenye mtoto ambaye hajui amweke upande gani.

Jua, mwavuli na fundi

Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na hata Julai halilegei sana. Ndani ya mwanga wake mna mionzi ya urujuanimno ambayo jicho haliioni. Ikipenya ngozi hadi kwenye seli hugonga DNA, ile kamba ndefu ya nyuzi mbili zilizosokotana, iliyoandikwa kwa herufi nne. Herufi mbili za T zilizokaa jirani kwenye uzi mmoja hushikana, kama vidole viwili vilivyoungua vikapona vikiwa vimegandana. Mashine za seli zinazosoma kamba hiyo hukwama hapo, au zikipita kwa kukisia huandika herufi isiyo yake. Kosa hilo likiangukia jeni inayozuia seli isigawanyike ovyo, saratani imepata pa kuanzia. Seli moja ya ngozi iliyoachwa juani yaweza kupata majeraha ya aina hii hadi laki moja kwa siku.

Tumepewa kinga mbili. Ya kwanza ni melanini, rangi ya ngozi. Haijamwagwa ovyo tu ndani ya seli: punje zake hujipanga juu ya kiini, mahali DNA ilipo, mfano wa mtu aliyejifunika mwavuli. Kinga ya pili ni mafundi, kundi la protini zinazopita kwenye DNA zikitafuta palipoharibika na kupatengeneza.

Watu wengi wanaijua kinga ya kwanza kwa kuwa inaonekana. Ya pili haionekani, na ndiyo maana binti yule alikosewa. Mwenye ualbino amekosa mwavuli lakini mafundi wake wako kazini. Mwenye XP ana mwavuli kamili, fundi hana.

Fundi mwenyewe anafanyaje

Nenda ufukweni Deep Sea asubuhi utazame mashua zilizopandishwa mchangani. Fundi akikuta ubao umeoza pahali padogo hakwangui ule uozo tu. Hukata kipande kirefu kuliko kilichooza, pande zote mbili hadi kwenye mti mzima, kisha huchonga kipande kipya kikae pale pale. Seli hufanya hivyo hivyo, na kila hatua ina mtu wake.

Protini iitwayo XPC ndiyo mlinzi wa zamu. Haitafuti jeraha lenyewe, hutafuta mahali kamba ilipopinda kusivyo kawaida. Ikipaona hukaa hapo na kuita wenzake. Kinakuja kikosi kikubwa chenye XPB na XPD, kinazisokotoa nyuzi mbili na kuziachanisha. Hapo huingia XPA, ambayo ndiyo ninayotaka uikumbuke.

XPA ni protini ndogo, asidi amino (matofali ya kujengea protini) 273 tu, na katikati yake imeshika chembe ya zinki. Haikati wala haiungi chochote. Kazi yake ni kuhakiki kwamba pana jeraha kweli, kushikilia mahali penyewe, na kuwapanga wakataji kila mmoja upande wake. Ndipo XPG inakata upande mmoja na XPF upande mwingine, kipande cha herufi kama 30 kinatolewa na jeraha ndani yake, na uzi wa pili ambao haukuguswa unatumika kama kiolezo cha kujazia pengo. Mwisho kimeng'enya kingine kinafunga maungio. Ondoa XPA uone: mlinzi ataita, kikosi kitakuja, nyuzi zitafunguliwa, na hakuna atakayekata. Ndiyo sababu wagonjwa ambao jeni yao ya XPA imeharibika kabisa huwa miongoni mwa walioumia zaidi.

Mwaka 1968 James Cleaver, huko California, alionyesha kwamba seli za wagonjwa wa XP zinashindwa kufanya ukarabati huu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umeelezwa na Moriz Kaposi wa Vienna karibu karne nzima kabla yake. Mwaka 1972 watafiti wa Rotterdam waliunganisha seli za wagonjwa wawili tofauti wakakuta seli iliyopatikana inarekebisha vizuri: kila mmoja alikuwa amekosa fundi ambaye mwenzake anaye. Kwa njia hiyo yakahesabiwa makundi saba ya XP, A hadi G, na la nane likawekwa pembeni. Mturuki Aziz Sancar, aliyeeleza hatua hizi moja baada ya nyingine, alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2015.

Niongeze jambo ambalo wanafunzi wangu hulipenda. Mkonge ulioko shambani na samaki walioko baharini wana njia ya mkato tusiyokuwa nayo sisi: kimeng'enya kiitwacho fotolaiezi, kinachotumia mwanga wa buluu wa jua hilo hilo kuziachanisha T zilizogandana, bila kukata chochote. Mababu wa kundi letu la wanyama walikipoteza zamani sana. Binadamu kwa majeraha haya ana njia moja ya kukata na kujaza, na ikiharibika hakuna ya akiba.

Deni linalolipwa usiku na deni linaloongezeka

Hapa ndipo tofauti inayopaswa kuongoza uamuzi wako.

Ngozi nyeusi hupitisha takriban asilimia 7 ya mionzi mikali ya UVB, aina moja ya urujuanimno, hadi ndani, ngozi nyeupe kama asilimia 24. Kwa hiyo mwavuli mzuri kabisa nao unavuja. Wewe na mimi tunapotembea Barabara ya 8 saa saba mchana tunaumia, ila jioni na usiku mafundi wanafanya kazi. Baadhi ya majeraha huondolewa kwa saa chache, mengine huchukua siku nzima au zaidi, na hatimaye hesabu inafungwa.

Mvulana mwenye ualbino hupokea mionzi mingi mno, lakini deni lake hulipwa. Akisahau kofia siku moja ufukweni Raskazone ataungua, atalia, ngozi itabambuka, kisha mafundi watapunguza sehemu kubwa ya uharibifu. Hatari yake ni kukopa kila siku zaidi ya anavyoweza kulipa, miaka nenda miaka rudi. Maana yake ni kwamba kila unachompunguzia kina faida. Nusu saa ya kivuli ni faida. Mikono mirefu siku tatu kati ya tano ni faida, japo tano zingekuwa bora.

Kwa binti, ile asilimia 7 inayovuja inaingia na haitoki. Ya leo inakaa juu ya ya jana. Wagonjwa waliofuatiliwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani tangu 1971 hadi 2009, nusu yao miongoni mwa waliopata saratani ya ngozi ya kawaida waliipata kabla au wakiwa na miaka 9. Kwa Wamarekani wengine umri huo wa kati ni 67. Sijui namna bora ya kumweleza mtu fundi ana thamani gani kuliko kuziweka namba hizo mbili pamoja. Kwa mtoto wa XP, kinga ya nusu haimpi usalama wa nusu. Anahitaji kinga isiyo na siku ya mapumziko.

Na kuna mtego. Wazazi wengi hudhani mtoto anayeumizwa na jua ataonyesha kwa kuungua. Wenye hitilafu ya XPA kwa kawaida huungua vibaya kwa jua dogo tu, hata malengelenge, na mzazi hushtuka mapema. Lakini wenye hitilafu ya XPC hawaungui kuliko watu wengine. Mlinzi wao wa zamu hayupo, ila seli ina njia nyingine ya kugundua jeraha pale mashine ya kusoma jeni inapokwama, hivyo jeni zinazotumika wakati huo hurekebishwa na zilizolala huachwa. Ni kama mwenye nyumba anayekarabati vyumba vinavyokaliwa peke yake. Ngozi haiwaki moto, mtoto halii, vidoa vinaongezeka kimyakimya. Mtoto asiyelia ndiye wa kumtazama zaidi.

Hili linatuhusu watu wa pwani hii. XP ni adimu sana Ulaya na Marekani, kadiri ya mtu 1 kati ya milioni 1. Japani ni 1 kati ya 22,000 hivi, na wengi wao ni wa XPA. Lakini mwaka 2011 watafiti walieleza badiliko la jeni ya XPC kwa watu weusi wa Mayotte, kisiwa cha mkufu ule ule wa Ngazija, ambako ugonjwa unakisiwa kumpata mtoto 1 kati ya 5,000. Majahazi yamebeba watu kati ya visiwa vile na miji yetu kwa karne nyingi. Sisemi kila mwenye asili ya huko awe na wasiwasi. Nasema mtoto mweusi mwenye vidoa usoni asiambiwe haraka kwamba XP ni ugonjwa wa Wazungu.

Ualbino kwetu si adimu hata kidogo: Tanzania hukadiriwa mtu 1 kati ya 1,400. Aina iliyo nyingi hutokana na jeni iitwayo OCA2, na mwaka 1995 ilionekana kwamba takriban robo tatu ya nakala mbovu zilizopimwa kwa Watanzania zimepungukiwa na kipande kile kile cha herufi kama 2,700. Protini ya OCA2 hurekebisha ukali wa tindikali ndani ya vifuko vinavyotengeneza melanini. Ikikosekana, kimeng'enya cha rangi kipo lakini hakiwezi kufanya kazi.

Namna ya kuwatofautisha kwa macho

Swali la kwanza ni siku ya kuzaliwa. Ualbino huonekana siku hiyo hiyo, kwa nywele, ngozi na macho. Hakuna ualbino unaokuja polepole. Mtoto wa XP huzaliwa na rangi ya ukoo wake, na mabadiliko huja baadaye, mara nyingi kabla ya miaka miwili, na hufuata jua: uso, masikio, shingo, mikono, midomo, hata ncha ya ulimi. Mvue shati. Kama mpaka wa kola na mikono ya shati unaonekana kama umechorwa, na chini yake ngozi ni laini na safi, una la kumwonyesha daktari.

Vidoa peke yake havitoshi kuamua, kwa sababu mwenye ualbino naye hupata madoa ya kahawia juani. Tazama macho. Ualbino huathiri nyuma ya jicho, sehemu ya kuonea kwa makini haikukomaa, ndiyo maana mboni huchezacheza na ubao wa darasani hausomeki hata kwa miwani. XP huathiri mbele ya jicho, kope na ule utando wa juu, mahali mionzi inapoishia: mtoto anafumba macho kwa mwanga, macho ni mekundu, baadaye kioo cha jicho hufifia. Mvulana wetu anasoma daftari akiliweka karibu na pua. Binti anasoma ubao kutoka dawati la nyuma, ila ukimtoa nje anaficha uso kwenye ushungi.

Tofauti ya tatu iko mbali na ngozi. Karibu robo ya wenye XP, hasa wa XPA na XPD, hupata udhaifu wa neva unaoongezeka: masikio yanapungua nguvu, mwendo unayumba, masomo yanashuka. Jua haliingii kwenye ubongo, na watafiti wengi wanahusisha hali hiyo na uharibifu unaozalishwa na oksijeni ndani ya seli za neva zenyewe, ambao nao unamsubiri fundi yule yule. Ualbino hauna jambo hilo. Akili ya mtoto mwenye ualbino ni nzima. Akishuka darasani, kwanza muulize kama anaona.

Pesa ya kwanza iende wapi

Kwa wote wawili nasema nguo kabla ya krimu. Najua wengi hutanguliza krimu kwa kuwa ndiyo inayoonekana kuwa dawa. Lakini krimu huisha, hutoka kwa jasho, na inatakiwa kupakwa upya kila saa mbili, jambo ambalo mtoto wa darasa la pili hatalifanya peke yake. Shati la mikono mirefu likishavaliwa limevaliwa. Liinue kwenye mwanga: ukiona upande wa pili, mionzi nayo inaona. Kanga kuukuu moja haitoshi. Pamba iliyoshikana vizuri ya rangi ya kukolea ni bora kuliko nyeupe nyepesi, na nguo iliyolowa huzuia kidogo kuliko kavu, kwa hiyo fulana ya kuogelea nayo si kinga ya kutegemea. Baibui na kanzu tulizozizoea ni silaha nzuri. Kofia iwe pama, yenye ukingo mpana pande zote; ya baraghashia haimfuniki sikio wala shingo.

Baada ya hapo njia zinaachana.

Kwa mwenye ualbino, pesa ya pili iende kwenye krimu ya jua ya kiwango cha kinga (SPF) 30 au zaidi. Ipo Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, na ni vizuri kuiulizia kliniki kabla hujanunua ya dukani kwa bei ya kuumiza. Kisha saa. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni akae kivulini. Kwa mtoto kanuni rahisi ni kwamba kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali. Paredi ya saa moja na nusu asubuhi akiwa na kofia na mikono mirefu haina ubaya mkubwa. Mpira wa saa kumi na nusu acheze. Kumfungia ndani mchana kutwa ni kumnyang'anya maisha bila sababu. Kinachomwangusha shuleni zaidi ya jua ni macho: dawati la mbele, lenzi ya kukuzia, maandishi makubwa kwenye mtihani. Mimi ningeweka pesa ya tatu hapo bila kusita.

Kwa mwenye XP, pesa ya pili iende dirishani. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya UVB lakini hupitisha UVA, aina nyingine ya urujuanimno, na kwake yote yana hesabu. Filamu ya kuzuia mionzi ibandikwe dirisha la chumba anacholala na la darasa lake. Ikikosekana, pazia zito, na dawati lihamishwe mbali na mwanga. Taa za LED hazina neno, ila taa za mirija zisizofunikwa zisiwe karibu naye. Akitoka mchana, hata wakati wa masika mawingu yametanda, avae glovu, miwani inayofunika pembeni na kofia yenye ngao ya uso, kwa kuwa mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya mionzi. Krimu inakuja juu ya hayo yote, si badala yake. Paredi ya asubuhi asiwepo. Bajaji iliyo wazi pembeni si mahali pake mchana. Mchezo wake uwe baada ya magharibi, na ni kazi yetu watu wa mtaa kuhakikisha wapo wa kucheza naye saa hizo.

Kivuli nacho kina madaraja. Mwembe mnene ni kivuli kweli. Turubai lililoinuliwa ufukweni ni nusu kivuli, maana mchanga hurudisha kiasi cha mionzi, povu la bahari hurudisha zaidi, na anga lenyewe linamwaga kutoka kila upande. Kwa mvulana, turubai ni afadhali. Kwa binti, pwani mchana hapana.

Kisha chakula, ambacho wengi hawakitarajii. Mwenye ualbino hupata vitamini D yake kwa jua dogo tu. Aliyekingwa kikamilifu kama binti wa XP ataikosa, na mifupa italegea. Jodari, dagaa na mayai vimo ndani ya uwezo wa Tanga. Matone au vidonge aamue daktari. Na sigara isivutwe ndani ya nyumba yake kabisa. Mafundi wanaotoa majeraha ya jua ndio hao hao wanaotoa uchafu wa moshi uliong'ang'ania DNA, na kwake hawapo. Moshi wa kuni nao umpungukie kadiri inavyowezekana.

Lipo jambo moja ninalolisihi kwa moyo wote: mkorogo usiguse uso wa mtoto huyu. Mama wengi wakiona vidoa vyeusi hukimbilia krimu za kuondoa madoa. Unaondoa mwavuli kwa mtoto ambaye hana fundi.

Mbele ya daktari

Wote wawili wakaguliwe ngozi mwili mzima kwa ratiba, si mpaka kidonda kitokee. Kwa ualbino kila miezi sita inafaa. Kwa XP kila miezi mitatu au minne, pamoja na macho, na mara moja kwa mwaka masikio na neva. Kidonda kisichopona kwa mwezi, kigaga kinachorudi pale pale, uvimbe unaotoa damu: hivyo havingoji tarehe ya kliniki kwa mtoto yeyote kati yao. Vikikamatwa vikiwa vidogo huondolewa kwa kugandishwa kwa baridi kali au upasuaji mdogo. Waganga wa majani niliowaona wakikawiza kidonda cha namna hii walikuwa na nia njema, na kidonda kilikua vilevile.

Uhakika wa XP hupatikana kwa kipimo cha jeni, au kwa kuchukua kipande cha ngozi na kupima kama seli zinarekebisha DNA baada ya kupigwa mionzi. Ni kazi ya maabara maalumu. Kinga isisubiri majibu. Ukimfunika mtoto miezi sita kisha ikaonekana hana XP, umepata usumbufu tu.

Wazazi wataulizwa kuhusu ukoo, na hilo lisiwe fumbo la kuoneana haya. Ualbino wa OCA2 na XP hurithiwa kwa njia ile ile: baba na mama kila mmoja ana nakala moja mbovu, wao wenyewe wazima, na katika kila ujauzito uwezekano ni 1 kati ya 4 kwamba mtoto atapata nakala mbili. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyerogwa, na mama hakubeba peke yake. Ndoa za watoto wa ami huongeza uwezekano wa nakala mbovu zinazofanana kukutana. Familia yenye mtoto mmoja wa XP iwatazame mapema ndugu zake wachanga, wakiwa bado na ngozi safi, kwa kuwa hao ndio watakaofaidi kinga tangu siku ya kwanza.

La mwisho ni la mwenye XP peke yake, nalo liandikwe. Ikitokea siku akahitaji dawa za saratani, daktari yeyote ajue kabla kwamba mgonjwa huyu ana XP, hasa kama anafikiria sisplatini. Dawa hiyo huua seli kwa kuigandisha DNA, na majeraha yake huondolewa na njia hii hii ya kukata na kujaza. Kwa asiye na fundi, dozi ya kawaida imewahi kuwa sumu. Tiba ya mionzi ya mashine ni habari tofauti, kwani huvunja DNA kwa namna inayoshughulikiwa na mafundi wengine, na wengi wa wagonjwa wa XP huistahimili kama watu wengine. Kwa mwenye ualbino tahadhari hii ya sisplatini haipo, mafundi wake ni wazima.

Mama wa binti alimwomba daktari amwandikie hayo kwenye karatasi yenye muhuri. Ameihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, na nakala ya pili iko kwa mwalimu wa darasa.